Kisukari cha Rosina

Rosina alikwenda kwao Kihagara kumuaga mama yake, ingawa kwa mumewe alisema anakwenda kumsalimia tu.

Kiu ilikuwa imemwanza wakati wa kuchuma kahawa. Alimaliza dumu la maji shambani, akarudi nyumbani akashushia na soda, na bado ulimi ulikuwa umekauka. Kanisani Mpepai, kijiji alichoolewa, ilibidi atoke kwenda kujisaidia kabla ya mahubiri kwisha. Sketi zikaanza kumpwaya. Hakumwambia mtu, maana kiu hiyo alikwisha kuiona. Mdogo wake Cleopa alikuwa mwanafunzi wa sekondari alipoanza kunywa maji hivyohivyo. Alikonda mbele ya macho yao, akaanza kutapika, na walipomfikisha hospitali hakuwa anajitambua tena. Walipomzika, waliambiwa kilikuwa kisukari. Tangu hapo neno hilo halikutajwa tena nyumbani kwao.

Kwa hiyo Rosina alijihesabu mtu wa kuondoka. Alimkabidhi binti yake Luisa kazi ya kuanika kahawa, kazi ambayo hakuwahi kumwachia mtu, mpaka Othmar, mumewe, akamuuliza amemkosea nini. Alifunga mzigo wake akapanda basi. Basi lilipoanza kuteremka kuelekea Mbamba Bay na ziwa likaonekana chini, jeupe kwa jua, aligeukia dirishani ili jirani yake asimwone machozi.

Alimkuta mama yake, Bibi Hedwiga, uani akianika usipa, dagaa wa ziwani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mbona umekwisha hivi?”

“Kazi za kahawa.”

Mama alimtazama kidogo, akaingia jikoni. Chakula kilipotengwa, Rosina aliwekewa ugali wa muhogo wa kushiba. Mama mwenyewe alijimegea tonge lisilozidi ngumi yake, akajaza nusu ya sahani majani ya maboga, pembeni akaweka kipande cha samaki mbasa wa kuchemsha. Chai yake haikuwa na sukari.

“Mama, chakula kimepungua?”

“Kipo tele. Nina kisukari.” Alisema kama mtu anayesema goti linamuuma.

Rosina alirudisha tonge sahanini. “Tangu lini?”

“Tangu Urbani wako alipoanza shule.”

Urbani, mwanawe, sasa alikuwa na mke na mtoto. “Mbona hukutuambia?”

“Ningewaambiaje, baada ya Cleopa? Mngekuwa mnanililia kila mkinitazama.”

Hapo Rosina alishindwa kujizuia. “Mama, na mimi ninacho. Nimekuja kukuaga.”

Bibi Hedwiga alinawa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. Kisha akauliza, “Umepimwa?”

“Sijapimwa. Lakini nakijua.”

“Unakijua cha Cleopa. Chako hukijui, wala mimi sikijui. Vaa viatu twende.”

Kwenye kituo cha afya walipokewa na daktari aitwaye Ladislaus, aliyekuwa akimtibu Bibi Hedwiga, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Alimtoboa Rosina kidole, akapima na mkojo, akamuuliza habari za kiu, uzito na macho. Sukari ilikuwa juu sana.

“Nina muda gani, daktari?” Rosina aliuliza.

“Muda wa nini?”

Mama yake ndiye aliyejibu. “Alimzika mdogo wake, kijana wa shule. Kiu, kukonda, kutapika, akafa upesi, tukaambiwa kisukari.”

Daktari akaweka kalamu chini. “Dalili za mdogo wako ni za aina ya kwanza,” alisema. “Mwili unaacha kabisa kutengeneza insulini, ile inayoingiza sukari kwenye misuli ifanye kazi. Mara nyingi huwapata watoto na vijana, na huja kwa kasi. Mtu huyo lazima achome insulini kila siku. Chakula peke yake hakimwokoi. Wewe, kwa umri wako na vipimo hivi, dalili zote ni za aina ya pili. Insulini ipo, ila mwili hauitii vizuri. Ipo pia ya wajawazito, lakini hiyo si yako. Utameza vidonge, utatembea, na utapanga chakula. Ikija kuhitajika sindano, tutakuambia. Watu wanaishi nacho, bibi huyu hapa.”

“Ugali niache?”

“Usiache kula. Punguza. Fuata sahani ya mama yako: nusu mboga, robo ugali, na ukipata dona ni bora, robo samaki au maharage. Soda na sukari kwenye chai ndizo za kuacha.”

Rosina aliinama, mabega yakatikisika. Daktari alidhani analia, kumbe alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka vilevile.

Nje alimpigia Othmar akamweleza yote.

“Mimi nilidhani umenichoka,” Othmar alisema, na sauti yake ilikuwa imelegea. “Rudi, mama Urbani. Tutakula hivyo sote.”

Miezi michache baadaye aliporudi kliniki, safari hii Mbinga mjini, sukari ilikuwa imeshuka vizuri, na kiu ilikuwa imekwisha. Othmar, aliyemsindikiza, aliomba apimwe naye. Yake ilikuwa salama. Waliondoka wakipitia sokoni, wakanunua mchicha na maharage, Othmar akilalamika njia nzima kwamba chai bila sukari haina adabu, na Rosina akimwacha aseme.