Upepo Umejaa

...na kwa nini habonyezi, mkono umefika, vidole viko juu ya vibao vya kinanda kabisa, kama mtu anayepima kwa kiganja kama chai imepoa, halafu basi, vimeganda palepale, na Germana kwenye benchi la pili amebana pumzi mpaka kitenge kinamkaza kifuani, bonyeza Baba Remi, bonyeza kimoja tu, hata cha makosa, mimi nitasema ndicho nilichokipenda... na huyu binti Ndeshi, fundi wa vinanda, kapiga magoti pembeni ya mzee, bisibisi kaibana kwa meno, anaitoa anasema taratibu, "Babu, hakuna haraka," hakuna haraka kwake yeye wa Moshi atakayepanda gari kesho arudi kwao, kwa Wilibrodi haraka ipo, maana mwanamume huyu tangu kiharusi kimpige upande wa kushoto amekuwa akikaa nyumbani kaelekea ukuta, ukuta wenyewe hauna hata kalenda, ukimuuliza unatazama nini anasema sitazami kitu, na leo ndiyo mara ya kwanza kukubali, kasema nakuja kuona tu, Mama Remi, kuona tu, na Germana akamvalisha lile koti la harusi za watu upesi upesi kabla hajageuza mawazo, kwa sababu anajua, kama anavyoijua chumvi ya mboga zake, kwamba mume wake akiinuka kwenye kiti hiki bila kubonyeza atarudi kwenye ule ukuta na hatageuka tena... na huko nyuma Angelina anakohoa, kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua, Angelina mwenyekiti wa kwaya, ambaye mwanawe alimletea kinanda kidogo cha umeme kutoka Arusha, kile chenye ngoma zake humohumo ndani, akasema ni cha muda tu mpaka mzee apone, cha muda, na huku amekishonea kitambaa cha kukifunika chenye maua na jina lake, umeona wapi kitu cha muda kikashonewa nguo... haya, na nani Karatu hii asiyejua kilichokiua kinanda cha mabomba, watu wanasema uzee, wengine wanasema mchwa, mchwa gani, ilikuwa ni mbaazi, mbaazi za sadaka ya mavuno, mwaka ule stoo ya parokia ilipovuja huyuhuyu Angelina ndiye aliyesema jamani tuziweke nyuma ya kinanda, kule ni pakavu, na kweli ni pakavu, hata panya walipaona pakavu, wakala mbaazi wakashiba, zilipohamishwa wakageukia ngozi za mivukuto ya kujaza upepo, wakamalizia na vile vijiti vyembamba vya mbao vilivyokuwa vinatoka kwenye kila kibao kwenda kwenye bomba lake, ikawa Wilibrodi anabonyeza huku, kule bomba limekaa kimya kama mkwe ugenini, na yeye alifunga kifuniko, akakaa, na mwaka haukuisha kabla ya kiharusi, daktari anasema ni presha, sawa, presha, lakini presha nayo si ina mahali inapotokea...

Ndeshi anasema kitu tena, anamwonyesha kitaa cha kijani, na Germana anasikia nusu, "...hapa chini, Babu, hii ndiyo ya mguu..." eeh, hiyo ya mguu, hiyo ndiyo iliyomfanya Germana asilale kwa furaha, maana binti alipofika alivitupa vijiti vyote vilivyotafunwa, chini ya kila bomba akaweka kisumaku, akaleta na kiboksi kisichozidi ukubwa wa Biblia, na kutoka kwenye kinanda mpaka kwenye kiboksi ni waya mmoja, mwembamba kuliko kamba ya mbuzi, unapita chini ya zulia hata Paroko anaukanyaga, akawaeleza akina mama kwamba siku hizi kidole hakivuti kitu, kidole kinatuma habari tu, kiboksi kinapokea na kuisambaza kwa bomba linalohusika, na wengine wakabaki wameduwaa lakini Germana alielewa palepale, kwani Karatu inakwendaje, si unamnong'oneza Flaviana wa mashine ya kusaga neno moja asubuhi, mchana liko Baray kwenye mashamba ya vitunguu... halafu ndiyo ile swichi ndogo, ukiiwasha, ile sauti ya chini kabisa unayoishika kwa mkono chombo chenyewe kinaipeleka kwenye mabomba makubwa, kana kwamba umekanyaga vibao vya miguuni, binti akasema kwa hiyo Babu mguu ukikataa asiusumbue, na huo mkono wa kushoto aulaze pajani upumzike, wa kulia peke yake utatosha, Germana angetaka kumbusu, fundi wa watu, na grisi zake zile... lakini kitu kinachokanyaga kwa niaba ya mtu kesho si kitabonyeza kwa niaba yake pia, ndicho kilichotokea, jana Ndeshi kapiga wimbo mmoja, kabonyeza kitu, kainuka kwenda kunywa maji, na kinanda kikaurudia wimbo uleule chenyewe, kiti kitupu, mabomba yanaimba, Germana akafanya ishara ya msalaba, na Angelina akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwa masista, "Basi mpiga kinanda hatumhitaji tena, tunahitaji umeme tu," watu wakacheka, Germana akamjibu kwamba umeme wa hapa nao ni wa kuuombea novena, wakacheka tena, ila moyoni kisu kilikuwa kimeshaingia, kwa sababu Paroko hakucheka, Paroko alikuwa anafikiri, akasema Jumapili ya mavuno lazima kinanda kilie, mzee akiweza apige mzee, asipoweza tutaweka huo wimbo uliohifadhiwa... na habari hiyo ilimfikia Wilibrodi kabla ya uji wa asubuhi, nani aliyeipeleka Mungu anajua, majirani wana miguu, na labda ndiyo iliyomtoa kwenye ukuta, labda, au ndiyo imemgandisha sasa hivi, labda anawaza vidole vyake vimeshakuwa vya ziada kama jino la juu ya jino...

Nje magari ya watalii yanapanda kuelekea geti la Ngorongoro, moja linabadilisha gia pale mlimani, linalia kwa uchungu, linapita, na kanisani Angelina ananong'ona, "Maskini, amesahau," maskini wa nani, Germana anataka kumgeukia amwambie neno la kumtosha mpaka Krismasi, lakini hawezi kuondoa macho kwenye ule mkono, na anapoutazama anaona kitu, mkono hautetemeki, mbona hautetemeki, nyumbani kikombe kinamshinda, humu mkono umetulia kama kuku aliyelalia mayai, na kichwa, kichwa amekiinamisha upande, sikio moja kalielekeza kule ukutani kwenye kabati kubwa la mabomba, si kwa Ndeshi, si kwa kiboksi, na huko kwenye kabati hakuna mtu... kichwa hicho anakijua, watu wote wanakijua, kabla ya kila wimbo miaka yote Wilibrodi alikuwa anakaa hivyo kidogo, kichwa upande, na kwaya wakawa wanaambiana huyu mzee ni mtu wa sala, tazameni, haanzi kabla ya kusali, hata Germana aliamini, aliringa nacho, mume wangu mtu wa sala... sala gani, Germana, wewe nawe mzee mzima, sala gani, kwani kule nyuma ya kabati alikuwa anakaa nani...

...alikuwa anakaa yeye Germana, msichana mwenye miguu ya kupanda vilima vya Mbulu na debe la maji kichwani, ndiyo maana masista walimchagua kukanyaga mivukuto, gizani nyuma ya mabomba, hamwoni mpiga kinanda na mpiga kinanda hamwoni, anakanyaga mpaka ngozi zivimbe, kisha anagonga ubao wa kabati kwa kifundo cha kidole, ko, maana yake upepo umejaa, piga, na yule kijana Wilibrodi hakuwahi kuiba upepo hata siku moja, wengine wote waliwahi, wakabonyeza mapema, kinanda kikanguruma kama ng'ombe anayezaa, yeye alingoja, Padre angekohoa, angesafisha koo, yeye alingoja ko, na Germana akaijua nguvu yake, Mungu amsamehe, ile Jumapili alipoambiwa Wilibrodi ameonekana kwenye mashine ya kusaga akimbebea Flaviana gunia, alijaza upepo mpaka ngozi zikalia halafu akakaa hakugonga, Padre akaingia kwa mlio wa viatu vyake tu bila wimbo, akafika altareni, akageuka, na Wilibrodi hakubonyeza, alikaa kichwa upande akingoja, na alipogonga mwishowe kijana akapiga kwa nguvu mpaka vumbi likaanguka darini, na baada ya misa akamfuata nje akasema, "Lile gunia lilikuwa la mama yake Flaviana," basi, uchumba wao ulianzia hapo, watu walipiga umbea wee... kisha ikaja ile feni ya umeme, mivukuto ikawa inajazwa bila mtu, Germana akahamishiwa kwaya sauti ya pili, na konzi ya ubaoni ikaisha, hakuna aliyesema imeisha, iliisha tu, na miaka yote hiyo mwanamume anainamisha kichwa, anangoja kidogo kitu ambacho hakiji, halafu anapiga hivyohivyo...

"Babu, feni inawaka tayari," anasema Ndeshi kwa upole, lakini feni yake mpya hainong'oni hata, mzee atajuaje, kiboksi kinapeleka habari ya kidole kwenda kwa bomba, hiyo kinaiweza, tena kinaiweza vizuri, lakini habari ya kurudi, ya kumwambia aliyekaa hapa kwamba kuna mtu upande wa pili, yuko tayari, anza... hiyo hawakuifungia waya, na haimo kwenye ule wimbo uliohifadhiwa, mwacheni Angelina na umeme wake... na Germana anashusha pumzi aliyokuwa ameibana, kumbe haogopi, kumbe hakusahau, mzee wa watu anangoja kazi yangu, na kidole cha kati kimevimba kwa baridi yabisi lakini kifundo ni kilekile, anakikunja, anakipeleka juu ya ubao wa benchi la mbele, Angelina atatazama, atasema Mama Remi amerukwa na akili, kabla ya jua kuzama itakuwa Baray, ifike, na mkono wa Wilibrodi bado uko palepale juu ya vibao, sikio lake bado liko upande, na Germana anacheka ndani ya koo, anamcheleweshea kidogo, kidogo tu, kama zamani, akae aningoje... haya, Baba Remi, upepo umejaa.