Raketi Mbili za Pangaboi

Pale kwenye ukumbi wa badminton walimwita Pangaboi, kama feni ya darini, kwa jinsi alivyokuwa hatulii. Akicheza alizunguka uwanja mzima, akisubiri zamu yake alizunguka viti, na hata akikaa, mguu mmoja uliendelea kucheza peke yake. Kazini alikuwa mtu mwingine kabisa. Alipima watu macho katika chumba kidogo chenye pazia zito, akiwabadilishia vioo taratibu na kuwauliza kwa sauti ya chini, "Hiki au hiki? Cha kwanza au cha pili?" Wagonjwa walimsifu kwa subira yake. Wifi yake aliposikia sifa hizo alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Wifi huyo, dada wa mumewe, ndiye aliyekuwa mwenzake katika badminton, mchezo wa wawili wawili. Alikuwa mwoka mikate. Kukanda unga miaka nenda rudi kulimpa mikono ambayo hakuna mwanamke pale ukumbini aliyetamani kushindana nayo nguvu. Walikuwa wakicheza pamoja tangu Pangaboi aolewe, wakishinda na kushindwa kama watu wengine. Msimu ule lakini walikuwa wakishindwa tu.

Jumapili moja, wakiosha vyombo baada ya chakula, wifi akasema bila kugeuka, "Mwalimu wa ukumbi anataka nijaribu kucheza na yule mhasibu mrefu."

"Ukamwambiaje?"

"Nitafikiria."

"Utafikiria nini?"

"Nitafikiria, wifi. Nipe hiyo sufuria."

Pangaboi alimpa sufuria, akafuta meza, akaifuta tena. Tangu siku hiyo hakuona raha. Alijilaza akaamka, akafungua kitabu akakifunga, na mwisho akapata wa kumlaumu: raketi yake. Kweli ilikuwa imezeeka. Nyuzi zake zilikuwa zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo, na mshikio ulikuwa umelika mahali pa kidole gumba. Akajiambia kwamba mtu hawezi kushinda na kitu kama kile, na kwamba ilikuwa ajabu hakuliona jambo hilo mapema.

Mwenye duka la vifaa vya michezo alikuwa amevaa miwani aliyopimiwa na Pangaboi, basi akamruhusu achukue raketi mbili azijaribu mpaka mashindano ya ukumbi yapite, kisha moja airudishe.

Ya kwanza ilikuwa nzito kichwani. Ukiinyanyua tu, ulisikia uzito wote ukikimbilia mbele kama wa nyundo. Fimbo yake ilikuwa ngumu, haipindi, na nyuzi zake zilivutwa zikakaza hasa. Ukikipata kinyoya, kile kipira cha manyoya, katikati, kiliondoka kwa mlio mmoja mkavu, na mtu wa upande wa pili alikuwa bado anajiandaa huku kimeshatua miguuni pake. Ila ilitaka uanze kuipunga mapema. Ukichelewa kidogo, bega ndilo lililolipa.

Ya pili ilikuwa nyepesi, uzito wake umekaa karibu na kiganja. Ilikuwa kama inageuka mkononi kabla mwenyewe hujaamua. Karibu na wavu ilikuwa raha tupu, unakwepesha, unadokoa, unarudisha hata kinachokujia usoni. Lakini ukiwa nyuma kabisa ya uwanja ulitumia nguvu zako zote na bado kinyoya kiliishia katikati, kikiwasubiri wapinzani wakipigilie wapendavyo.

Alizilinganisha kila alipopata nafasi. Nyumbani alisimama katikati ya sebule akapunga moja, akapunga nyingine, akafumba macho akazipunga tena. Mumewe alikuwa akisoma gazeti. Kila raketi ilipopita aliinua kikombe chake cha chai akakisogeza, bila kuondoa macho kwenye gazeti.

"Hebu niambie," Pangaboi alisema. "Hii au hii?"

"Ya kwanza."

"Hata hujazishika."

"Ndiyo maana nimejibu haraka. Ungenipa nizishike, tungekesha."

Kwenye mazoezi hali ilikuwa ile ile. Alicheza pointi chache na nzito, akakimbilia kitini akachukua nyepesi, akarudi tena kwa nzito. Mwisho akampa wifi yake zote mbili azijaribu. Wifi akapiga vinyoya kadhaa na moja, kadhaa na nyingine, akamrudishia.

"Hii inapiga," akasema. "Na hii inapiga."

"Huoni tofauti?"

"Naiona. Tofauti yenyewe si ya raketi."

"Ni ya nini?"

"Tutaongea mashindano yakiisha."

Hapo ndipo alipomharibia kabisa. Siku zilizobaki Pangaboi alipima macho ya watu huku yake yakiwa hayaoni kitu. Mzee mmoja alilazimika kumkumbusha kwamba jicho lile walikwisha kulimaliza.

Siku ya mashindano walipangiwa walimu wawili wa shule ya msingi, mtu na dada yake, ambao hawakuwa na mbwembwe zozote ila hawakukosea hovyo. Pangaboi alichagua nyepesi. Alitaka kasi, na kasi aliipata. Aliruka mbele, akarudi nyuma, akakatisha kushoto kwa wifi yake, akakatisha kulia. Mara moja raketi zao ziligongana kwa kishindo, kinyoya kikaanguka katikati yao kama kitu kisicho na mwenyewe. Wale dada wawili waligundua upesi. Wakawa wanapeleka kinyoya palepale Pangaboi alipotoka kukimbia, na seti ya kwanza ikaisha.

Wifi alijifuta jasho usoni, akanywa maji, akasema, "Chukua ile nzito."

"Nzito inanichelewesha."

"Ndicho ninachotaka."

Pangaboi alimtazama.

"Ukiwa na hii nyepesi unafika kila mahali," wifi aliendelea, taratibu, kama anayemweleza mteja kwa nini mkate haujatoka. "Hata pangu unafika. Mimi nasimama pale kama mgeni ambaye hajaonyeshwa kiti. Kinyoya kinakuja kwangu, nainua mkono, naona mgongo wako."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Najua. Nisaidie kidogo."

Maneno yale yalimchoma. Alichukua ile nzito kwa hasira, akaenda kusimama nyuma, akajiambia atabaki hukohuko mpaka wifi amwombe mwenyewe. Kinyoya kilipoanguka karibu na wavu, mwili wake ulitaka kwenda, lakini mkono ulikuwa mzito na alijua hawahi. Akakiacha. Wifi akakidokoa kwa kifundo cha mkono tu, mguso mfupi, na mwalimu mmoja akabaki anatazama sakafu.

Kikaja kingine, akakiacha pia. Kutoka kule nyuma Pangaboi aliona jambo ambalo katika miaka yao yote hakuwahi kusimama mahali pa kuliona: wifi yake alikuwa mchezaji mzuri. Hakukimbia. Alikuwa ameshafika. Na vinyoya virefu vilivyompita juu vilimwangukia Pangaboi na ile nyundo yake, naye alivipigilia kwa uchungu wote aliokuwa nao. Seti ya pili wakaichukua.

Katika seti ya tatu, wakiwa wanakimbizana pointi kwa pointi, uzi wa ile nzito ukakatika. Ulilia kama mtu aliyebanwa kidole, na wavu wote wa raketi ukalegea. Hapakuwa na namna, ikabidi arudie nyepesi.

Mkono ukawa mwepesi tena, na miguu nayo ikakumbuka mazoea yake. Sasa hakuwa na kitu cha kumzuia ila yeye mwenyewe, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kumtegemea sana. Mara mbili alisahau akamvamia wifi. Mara ya kwanza akapata pointi, mara ya pili akapoteza. Baada ya hapo alibana mshikio mpaka vidole vikamuuma. Kila kinyoya cha mbele kilichokuja alikitazama kikipita, na kila mara alihisi kama ameacha mlango wa nyumba wazi.

Kinyoya cha mwisho kilishuka karibu na wavu, upande wa wifi. Kwa raketi ile nyepesi, hatua moja tu, angekifikia. Alibaki alipokuwa. Wifi akanyoosha mkono, akakigusa, kikapanda, kikagonga utepe wa juu wa wavu, kikaangukia upande wao wenyewe. Walimu wakashinda.

Walipeana mikono na wale dada wawili, wakakaa kwenye benchi. Mguu wa Pangaboi ulikuwa ukitikisika.

"Sema," wifi akamwambia.

"Niseme nini?"

"Hicho kinachokuwasha."

"Ningekifikia."

"Najua ungekifikia. Nilikusikia ukivuta pumzi." Wifi alianza kufungua kamba za viatu. "Mwalimu wa ukumbi nimeshamjibu. Nimemwambia yule mhasibu mrefu atafutiwe mwenzake mwingine."

"Lini?"

"Juzi."

"Na ukaniacha nihangaike hivi?"

"Ningekuambia ungetulia?"

Pangaboi alifikiri kidogo, kwa haki. "Hapana."

Wiki iliyofuata alipeleka ile nzito ikafungwa nyuzi mpya kabla ya kuirudisha dukani. Mwenye duka alishangaa. Alidhani angeibakiza, maana ndiyo waliyoshindia seti.

"Hiyo inanizuia yenyewe," Pangaboi alisema. "Nataka nijifunze kujizuia."

Yule bwana alirekebisha miwani yake, akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, akairudisha raketi ukutani.

Jioni ile walikutana tena mazoezini. Kinyoya cha kwanza kabisa kilikuja upande wa wifi, mbele, chepesi, na Pangaboi alikuwa ameshakirudisha kabla hajajua amekwenda. Wifi akampiga nyuma ya goti kwa raketi, si kwa nguvu sana, akamwonyesha pake pa kusimama. Pangaboi akarudi nyuma akisugua goti, na wakaanza upya.