Asilimia Tisini na Moja

...na kabla yangu wamebaki watu sita, hapana, watano, maana huyu wa shati la bluu ameshasimama, ameshakohoa, ameshafunga kifungo kilichokuwa kimefungwa tayari, anasema yeye ni mchumi, naam, humu ndani kila mtu ni mchumi au mwanasheria au katokea wizarani, isipokuwa mimi, muuguzi wa zahanati, miaka arobaini na mitatu, na kalamu tatu mpya alizoninunulia binti yangu kana kwamba naanza darasa la kwanza, Mama usikae nyuma, aliniambia leo asubuhi akinifungia zipu ya begi, wanaokaa nyuma hawaulizwi maswali, nikamwambia hicho hasa ndicho ninachokitafuta, mwanangu, akacheka, lakini mama mtu ndiye mtiifu siku hizi, nimekaa safu ya mbele kabisa na kiyoyozi kinanipuliza shingoni... Jina, kazi, na namba moja usiyoiamini, ndivyo alivyosema profesa, mwanamke mfupi mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba, hakuandika kitu ubaoni, alisema tu karibuni kwenye mwaka mpya wa masomo, hapa mmekuja kusomea sera, na sera husimama juu ya namba, na kila mmoja wenu ametoka kazini na namba moja ambayo akiiona huangalia pembeni, tuanze na hiyo, wenzangu wakacheka, mimi nikaangalia pembeni, kwa sababu ninayo, asilimia tisini na moja, na hiyo namba ndiyo iliyonipa kiti hiki. Niliiandika kwenye barua yangu ya maombi, aya ya kwanza, na faili la maombi yetu lile pale mezani kwake, na amesema ameyasoma yote.

Shati la bluu anasema haamini takwimu za ajira, mtu akiosha gari moja kwa wiki anahesabiwa ana kazi, na profesa anamuuliza, Nani alimhesabu? Sisi, profesa. Sisi nani? Anakishika tena kile kifungo... Mimi, profesa, na darasa zima linacheka, na yeye anacheka, anakaa, wala hakuna aliyemfukuza, lakini yeye aliosha gari tu, yaani alihesabu waosha magari, mimi je, mimi ni mambo ya waja wazito, si mchezo. Nitasema nyingine. Nitasema siamini ile namba ya dakika anazosubiri mgonjwa, dakika thelathini, kila mtu anajua zahanati haina dakika thelathini, watacheka, nitakaa, yataisha... Waraka ulikuja na mhuri na nia njema, kwetu kwanza, kwa majaribio, sikatai, kila mama mjamzito aje kliniki na mwenzi wake, akija peke yake hapewi kadi mpaka amlete, ili na akina baba wasikie, wajue, na mimi nilishangilia, nilisema haya, na wao wakayakalie yale mabenchi waone yanavyouma. Ndipo akaja yule mwenye kilemba cha manjano. Mumeo yuko wapi? Yuko kazini mbali, sista. Kamlete. Akaondoka. Akarudi baada ya wiki mbili, peke yake, nikamwambia utaratibu ni utaratibu, dada, hata mimi sipendi, na nilimwambia kwa sauti tamu kweli, sauti ambayo nikiikumbuka sasa nataka kujizaba kofi, akaondoka tena. Mara ya tatu mvua ilikuwa inanyesha na miguu yake imevimba mpaka kamba za kandambili zimezama, nikamshika mkono kama ninayempeleka msalani, nikamuuliza kwa kunong'ona, huyo mwenye pikipiki aliyekuleta unamfahamu? Namfahamu, ni jirani. Basi leo ni mumeo.

Jamani... na yule mwenye pikipiki akaingia, kofia ngumu mapajani, akasikiliza habari za vidonge vya kuongeza damu kuliko mume yeyote wa ndoa niliyewahi kumwona, na daftarini palikuwa na safu, mwenzi amehudhuria, nikatia tiki. Wiki iliyofuata akaja na mwingine. Halafu wawili siku moja. Tukambatiza Mume wa Wote, na baada ya miezi mitatu alikuwa anazijua dalili za hatari zote kwa kichwa, siku moja akanikatiza mbele ya mfawidhi, mkuu wetu wa zahanati, Sista, hujamuuliza kama anaumwa kichwa, na kweli nilikuwa sijamuuliza, nikamuuliza, presha ikawa juu, tukamkimbiza hospitali kubwa, mama na mtoto wakapona, kwa hiyo nisimcheke sana... huyu mwingine anayesimama sasa ni wa wizarani, sauti yake ya mikutano, anasema haamini namba ya madawati, wanne kabla yangu, hapana, watatu... na mwisho wa mwaka tiki zikajumlishwa, tisini na moja kati ya kila mia, wakubwa wakaja na cheti na mpiga picha, mfawidhi akanisukuma mbele, huyu ndiye mama wa mafanikio, na mimi nikatabasamu, picha ninayo, meno yote nje. Kama ingeishia hapo ningelala usingizi wangu. Lakini kwa ajili ya namba ile waraka ukapelekwa kwenye zahanati zote za wilaya yetu, zote, kwamba pale pamewezekana na kwingine patawezekana, na kule kwingine nani atakuwa na Mume wa Wote, nani atakuwa na muuguzi wa kumshika mtu mkono kwenda msalani, wangapi wameambiwa kamlete kwa sauti tamu wakaenda moja kwa moja... sijui, hakuna anayejua, maana aliyerudishwa mlangoni haandikwi popote, daftari lina safu ya aliyekuja na mume, na ya aliyekuja bila mume akakubaliwa kwa dharura, ya aliyegeuzwa mlangoni haina.

Dada, kiti cha kulia kinaninong'oneza, mwanasheria mdogo mdogo, kucha zimetafunwa, wewe utasema ipi? Sijui, mdogo wangu. Mimi naogopa, anasema, yangu ni mbaya. Mbaya vipi? Niliitunga mwenyewe, anasema, na anatazama meza. Kumbe. Nami nilidhani hofu imekuja na mimi tu kutoka nyumbani... nikijaribu kumjibu nasikia mdomo wangu unamwambia neno ninalowaambia wote wanaoona haya kuvua nguo mbele yangu, kila siku ya Mungu, miaka kumi na saba, mficha uchi hazai, na anacheka, anaziba mdomo, profesa anatuangalia, tunanyamaza kama watoto. Mficha uchi hazai. Nimewaambia wanawake wangapi hivyo, wakavua, wakaniamini na miili yao, na mimi nimekaa hapa nimejifunika asilimia tisini na moja mpaka kidevuni. Wakininyang'anya nafasi je, binti ameshautangazia mtaa mzima, mfawidhi ametia sahihi, wifi yangu amesema huyo anakwenda kuwa waziri... basi wataninyang'anya, nitarudi zahanati, kazi ninayo. Lakini nikisema dakika thelathini nitakaa humu miaka miwili nikijifunza kutengeneza waraka mwingine kama ule, na nitaujua kuutengeneza vizuri zaidi, hilo ndilo linalonitisha, kwamba nitakuwa hodari. Na profesa hakuuliza ili atukamate, mtu anayetaka kukamata huuliza kwa maandishi. Ameuliza kama ninavyouliza mimi, unaumwa wapi. Naumwa hapa, profesa. Nilitia tiki kwa huruma, na sijutii ule mkono niliomshika yule dada, hata leo ningemshika, ninachojutia ni kunyamaza walipoleta cheti, ningesema siku ile ile kwamba tisini na moja si waume, ni jirani mmoja mwema na wanawake waliokuwa tayari kumkodi hata shetani ili wapimwe, si hiyo ndiyo habari, jamani, si hiyo ndiyo habari kubwa kuliko waume, kwamba wanataka kupimwa kiasi hicho! Nataka safu moja iongezwe daftarini, aliyegeuzwa mlangoni, na nijue inaongezwaje, nani anatia sahihi, naanzia mlango upi, na kama hiyo siyo sera basi sijui sera ni nini. Mwanasheria amesimama, jina lake limemtoka kwa kukwama, kazi yake, sasa anasema namba yake, hakuna anayecheka, anaeleza, anarudia, anaeleza tena, baada yake ni mimi, na mimi niliyekuwa naomba muda utuishie, naitazama saa ya ukutani nikiomba usituishie kabla yangu.