Aliyeandika Miwa Mirefu

Filamu ilipokwisha watu walipiga makofi ya adabu tu. Muhonja hakupiga. Yeye ni mtangazaji wa redio mjini Kakamega, na miaka mitatu nyuma ndiye aliyewahimiza wasikilizaji wakaitazame Miwa Mirefu, hadithi ya mkata miwa aliyeuawa, mjane wake mwenyewe akamsaka muuaji. Ile ilileta tuzo. Hii sehemu ya pili ilijaa bunduki na magari, na mjane yule mwerevu sasa hakujua hata panga linashikwa vipi.

Mlangoni alimkuta Wanzala, mwongozaji.

"Umeionaje?"

"Wanzala, ile ya kwanza uliandika wewe?"

"Sasa nani mwingine?" Akacheka, kisha akajifanya ameitwa na mtu.

Kicheko kile kilimsumbua Muhonja siku mbili. Mjane wa filamu ya kwanza alisema Kiisukha safi cha Shinyalu, na Wanzala ni mtu wa Khwisero, wanakosema lahaja nyingine ya Kiluhya. Aliyetoka Shinyalu ni Phoebe, mwalimu, aliyekuwa mke wake.

Jumatatu akapanda boda hadi Shinyalu bila kumuaga mtu ofisini. Alimkuta Phoebe uani akipukuchua maharagwe.

"Mwalimu, Miwa Mirefu ni yako?"

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Zima simu kwanza."

Muhonja akaizima, akaiweka chini pale wote wawili waione.

"Yule mkata miwa alikuwa kaka yangu," Phoebe akasema. "Aliyemuua anapitanga hapa kila siku. Ndiyo maana nilikataa jina langu liandikwe. Mwaka jana Wanzala alikuja nimwandikie ya pili. Nilimwambia sina zaidi."

Pikipiki ikapita njiani, nyuma ya ua. Phoebe akatega sikio mpaka mlio ukaisha kabisa.

"Ni yeye?" Muhonja akanong'ona.

"Sema kwa redio filamu mpya ni mbaya. Hayo mengine niachie."

Jioni Muhonja alisema hivyo tu hewani. Alipotoka studio akakuta ujumbe wa Wanzala: "Nasikia ulikuwa Shinyalu leo."

Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Alisimama kwenye ngazi, akampigia Phoebe.

"Mwalimu, kuna mtu alituona, na amemwambia Wanzala. Funga mlango."

"Nilifunga ulipoondoka tu," Phoebe akajibu. "Kesho naenda kwa dada yangu huko Lugari. Na wewe usinipigie tena kwa namba hii."