Pasi Iliyokuwa Baridi

Pale dukani kwa dobi walimwita Nyoosha, na jina alilipata kwa haki: shati likitoka mikononi mwake, mwenyewe hudhani kauziwa jipya. Alisimama kwenye meza ile ile miaka kumi na mmoja. Kisha siku moja mvuke wa pasi ukambabua kiganja cha kulia, akakaa nyumbani wiki sita. Kidonda kikafunga, ngozi ikarudi, daktari akaandika kwamba amepona.

Ila mkono haukuisoma barua ya daktari. Kila akishika pasi, kiganja kiliwaka moto hadi machozi yakamtoka. Wifi yake, aliyekaa kaunta kupokea nguo za wateja, alikuwa na dawa moja tu ya ugonjwa huo: mdomo.

"Kudeka huko! Mtu mzima, na kovu lenyewe kama punje ya mahindi."

Jumatatu moja Nyoosha alinyanyua pasi, akapiga yowe, akaitupa. Wote wakaja mbio. Wifi akainama, akaokota waya, akauinua juu watu waone. Plagi ilikuwa inaning'inia. Tangu asubuhi haikuwa imechomekwa.

"Pasi baridi imekuunguza, wifi?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Bosi hakucheka. Alisema anampa hadi mwisho wa mwezi. Akishindwa, meza atapewa mwingine. Nyoosha aliona aibu, na kibaya zaidi, akaanza kujishuku. Labda kweli alikuwa mwongo asiyejijua.

Hospitalini, mama wa mazoezi ya viungo, mtu asiye na haraka, alimsikiliza hadi mwisho.

"Uliposhika ile pasi, uliumia?"

"Niliumia. Lakini ilikuwa baridi!"

"Sijakuuliza habari za pasi. Kama uliumia, maumivu yalikuwepo."

Akamweleza kwamba mishipa ya fahamu kazi yake ni kupeleka habari. Ubongo ndio unaoamua kama habari hiyo ni ya hatari. Wake ulikuwa kama mlinzi aliyewahi kuibiwa: sasa hata mwenye nyumba akigusa lango, anapuliza filimbi.

"Filimbi ni ya kweli, mwizi ndiye hayupo. Na mlinzi wa hivyo hafokewi, mwanangu. Anazoeshwa."

Basi akaanza kuzoesha. Kwanza alikaa tu akiwatazama wenzake wakipiga pasi. Kisha akashika pasi baridi, plagi kaiweka mezani mbele ya macho yake. Kisha leso, kwa pasi ya uvuguvugu, akiacha kabla machozi hayajaja. Siku aliyogombana na wifi asubuhi, mkono uliwaka maradufu, akarudi kwenye pasi baridi akiwa na hasira.

Mwisho wa mwezi bosi akamwekea shati jeupe la pamba. Moto ukampanda kiganjani, si kama zamani, lakini upo. Kilichopungua hasa ni woga. Akapiga kola, mabega, mikono, mgongo. Bosi akaligeuza shati huku na huku.

"Jumatatu uwahi," akasema, akatoka.

Wifi hakuridhika. Mtu aliyelia mwezi mzima atapigaje pasi katulia vile? Lazima pana ujanja. Akaenda mezani kuhakikisha. Wapiga pasi hupima moto kwa kidole kilicholoweshwa mate, wakigusa na kutoa papo hapo. Wifi, ambaye maisha yake yote ni risiti na kaunta, alikibandika kidole kikavu kwenye pasi, akakituliza kabisa kama anayetia dole gumba kwenye fomu.

Yowe lake lilisikika mtaa wa pili. Nyoosha akamdaka mkono, akamkokota hadi bombani, akafungulia maji. Maneno aliyoyameza miezi yote ile yalimjaa kinywani, na mengine yalikuwa matamu kuyasema. Akakitazama kidole: wekundu kidogo tu kwenye ncha.

"Inauma, wifi! Haki ya Mungu inauma!"

"Najua," Nyoosha akasema. "Nakuamini."