Mjumbe wa Chakula wa Bloku B

"Haya ni maharage, au maji yaliyopita karibu na maharage?"

"Hutaki, sogea. Nyuma yako kuna watu."

"Sisogei. Zamisha upawa mpaka chini, mama. Maharage yamekaa chini huko, we unateka juu juu kama unachota maji ya kuoga."

"Nikizamisha kwako, wa mwisho kwenye foleni atakula nini? Sufuria?"

"Mpe sufuria! Mie nipe maharage!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mtu wa nyuma kabisa, yule yule aliyekuwa anaachiwa sufuria, ndo alicheka kuliko wote.

Aliyekuwa anachonga mdomo ni Twaha, kijana mrefu, mikono imekakamaa kwa kazi, sahani kaikamata kama usukani. Upande wa pili wa kaunta alisimama Mama Demetria, mpishi mkuu wa kafteria, kilemba kimelowa mvuke, upawa kaunyoosha kama anataka kumchapa nao. Hawa wawili waligombana kila mchana. Wanafunzi walishazoea kuwahi kula ili wasikose ugomvi. Siku ambayo Twaha hakutokea, Mama Demetria mwenyewe alikuwa anachungulia mlangoni, sema hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba wamemwona.

"Kausha, mwana," Valerian alimnong'oneza Twaha huku anamvuta fulana. "Funga mdomo, utatuponza."

Valerian alikuwa na sababu. Yeye alikuwa mwanafunzi, mwaka wa pili, jina lake lipo mlangoni kwenye chumba cha Bloku B. Twaha hakuwa mwanafunzi wa pale wala wa popote. Shule aliitema fomu tuu, kidato cha pili, siku aliyogundua kwamba yeye na mwalimu wa hesabu hawatafika popote pamoja, akaenda zake Kurasini kushusha mizigo kwenye makontena. Masika ya mwaka ule maji yakaingia chumbani kwake Mtoni, yakatoka na godoro. Akampigia Valerian, aliyekulia naye mtaa mmoja, mpira mmoja wa makaratasi. Valerian akamwambia, "Njoo ulale siku mbili tatu."

Siku mbili tatu zikazaa muhula mzima.

Pale chuoni jambo hilo lina jina lake: kubebana. Kitanda kimeandikwa mtu mmoja, wanalala wawili, mzungu wa nne, miguu ya huyu puani kwa yule. Wadeni, msimamizi wa mabweni, akiwanasa, wote nje. Aliyebebwa anarudi alikotoka, aliyembeba ananyang'anywa chumba. Na Valerian angeenda wapi? Wazazi wake walisharudi Masasi, Dar nzima hana hata shangazi wa kusingizia.

Ndo maana siku ya kwanza alimpa Twaha sharti moja tu: usiongee. Ni sawa na kumwambia jogoo akae kimya asubuhi.

Sema Twaha naye pale alipapenda mpaka basi. Alipenda foleni ya bafuni, watu na ndoo zao, taulo kiunoni, wanabishana Simba na Yanga mpaka sabuni inawakaukia mwilini. Alipenda harufu ya vitunguu inayotoka kwenye vyumba ambavyo kupika ni marufuku, watu wamegeuza pasi chali wanakaangia mayai. Kurasini unafanya kazi na kundi zima, jioni kila mtu anashika njia yake. Huku ukipiga chafya ghorofa ya juu, wa ghorofa ya chini anakupa pole.

Sasa Jumamosi hiyo, foleni ilipokwisha na watu wameshakaa na sahani zao, Jenipher akapanda juu ya benchi. Jenipher alikuwa waziri wa malazi kwenye serikali ya wanafunzi, binti mfupi mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara. Mlangoni nyuma yake aliingia wadeni, Mzee Godlisten, miwani kwenye kamba, mikono nyuma. Uchaguzi wowote lazima wadeni awepo.

"Jamani! Mjumbe wetu wa chakula wa Bloku B kaenda fildi, mafunzo ya kazi," Jenipher akasema. "Tunataka mtu wa kukaa na jiko, atusemee. Nani anajitolea?"

Kila mtu akaanza kutafuna kwa heshima.

"Huyo wa maharage!" mtu akapaza sauti.

"Ee! Wa maharage!"

"Wa maharage! Wa maharage!"

Vijiko vikaanza kugonga meza. Twaha kabla hajajua kashikwa na mkono gani, kashapandishwa juu ya meza, sahani yake bado mkononi. Akatazama huku na huku. Watu wote wale wanamtaka yeye! Maisha yake yote hakuwahi kuchaguliwa kitu, ukiacha ugolikipa, na ugolikipa anachaguliwa asiyejua kucheza. Akajikuta anatabasamu mpaka mashavu yanauma.

Halafu macho yake yakamfikia Valerian. Valerian alikuwa anatikisa kichwa polepole, mkono mmoja kaukamata ukingo wa benchi kama benchi linakwenda kupaa.

"Haya mgombea," Jenipher akasema. "Jina, mwaka, kozi."

Uongo ulikuwepo, tena mzuri: mwaka wa pili, ualimu, piga makofi, shuka. Ila Jumatatu jina lingeenda ofisini, ofisi ingelitafuta isilione, halafu wangeanza kuulizana huyu bwana alikuwa analala kwa nani. Zaidi ya hapo, Twaha kusema uongo kulimshinda tangu utotoni. Alijaribugaga, sura inamkataa.

"Naitwa Twaha," akasema. "Mwaka, sina. Kozi, sina. Mie siyo mwanafunzi. Nashusha mizigo Kurasini."

Kafteria ikapasuka kwa kicheko. Mtu kapaliwa na wali, mwenzake anampiga mgongoni huku naye anacheka.

"Hiyo ndo kampeni sasa!"

"Na sie tunashusha mizigo, braza! Hujaona mitihani yetu!"

"Nasema kweli nyie!" Twaha akapiga kelele. "Nimeishia fomu tuu!"

"Mpeni! Mpeni!"

"Wanaomkubali, mikono juu," Jenipher akasema, machozi ya kicheko yanamtoka.

Mikono ikasimama kafteria nzima. Hata upawa uliinuka kule nyuma ya kaunta, kisha ukashuka haraka kama umejisahau.

Ukimwacha Valerian, mtu mmoja tu hakucheka. Mzee Godlisten alivaa miwani yake, akasogea mpaka ubavuni mwa meza, akainua uso.

"Kijana. Unayosema ni kweli?"

"Shikamoo, mzee. Ni kweli."

"Marahaba. Kwa hiyo mjumbe mliyemchagua," akawageukia wanafunzi, "anabebwa."

Kicheko kikakatika.

"Vizuri. Basi leo tulimalize. Kila mtu akae hapo alipo, atoe kadi yake ya chumba, nipite mmoja mmoja."

Aliyewahi kuona kuku wakimwagiwa maji ataelewa kilichofuata. Mmoja akakumbuka ana mtihani, Jumamosi hiyo hiyo. Mwingine akaropoka kwamba kaacha pasi kwenye umeme, akakumbuka pasi yenyewe marufuku, akaongeza mbio. Wawili walitaka kupita dirisha moja, wakakwama, wakaombana radhi kwa adabu, wakapita mmoja mmoja. Jenipher, waziri mzima, akashuka kwenye benchi, akaiweka sikioni simu ambayo haijaita, akasema "Haloo? Eeh mama, nakuja," akatoka. Kumbe nusu ya bloku ilikuwa imebeba nusu nyingine.

Wakabaki wanne na masahani yanayofuka moshi. Twaha juu ya meza. Valerian pale pale kwenye benchi, ukingo bado kaukamata. Mama Demetria na upawa wake. Na Mzee Godlisten, ambaye hakumkimbiza mtu hata mmoja.

"Nani anakubeba?" akauliza.

"Mzee, ya kwangu nimekwambia yote," Twaha akajibu. "Ya mwenzangu siyo yangu. Hiyo sikwambii hata unitoe nje saa hii. Nitoe tu, mie nazoea popote."

Lakini sauti yake ilikwaruza kidogo pale kwenye "popote". Valerian akaisikia. Akasimama.

"Mzee, mimi ndo..."

"Mzee Godlisten!" Mama Demetria akaingilia kwa nguvu, akazunguka kaunta, akaja mbio na mwili wake wote. "Huyo ni wangu!"

"Wako kivipi?"

"Wa jikoni. Kanisema vya kutosha kutoka upande ule, nataka anisemee upande huu, huku ananyanyua masufuria. Wasichana wangu migongo imekwisha. Mwangalie mikono hiyo! Na kitanda kipo, kule kwa wapishi nyuma ya stoo."

"Kaanza lini?"

"Kaanza..." Mama Demetria akaangalia dari. "Juzi."

Mzee Godlisten akarudisha uso kwa Twaha. "Ni kweli?"

Valerian alimkodolea macho rafiki yake. Neno moja tu. Hata si neno, kichwa tu, atingishe kichwa, basi.

Twaha akahema.

"Si kweli, mzee. Mama anadanganya. Hajaniambia chochote, ndo nasikia sasa hivi."

"Mtoto huyu!" Mama Demetria akajipiga paji la uso. "Namwokoa anajizamisha!"

"Ila naitaka," Twaha akasema haraka, akapiga magoti pale juu ya meza ili uso wake ufike karibu na wa mzee. "Naitaka, mzee, mpaka tumbo linaniuma. Kubeba nabeba, kuamka alfajiri naamka. Kudanganya tu ndo siwezi. Wewe sema iwe kweli, itakuwa kweli."

Mzee Godlisten akavua miwani. Akaifuta kwa shati, taratibu, upande huu, upande ule, ingawa haikuwa na uchafu. Pembeni ya mdomo kulikuwa na kitu kinamsumbua, kinataka kutoka, anakikazia.

"Mie nakwenda kukagua vyumba," akasema mwishowe. "Naanza Bloku A, chumba kwa chumba. Bloku B nitafika nikifika. Nikifika nataka kila kitanda kina mtu mmoja, na jiko limeongezeka mtu mmoja. Nikikuta tofauti, tusilaumiane."

Aproni ikaruka kutoka kwa Mama Demetria, ikamfunika Twaha uso. Chini yake ikasikika sauti ya mtu anayecheka kama kabanwa na pumzi. Valerian akakaa tena kwenye benchi, akaweka kichwa mezani, mabega yanaruka ruka, anacheka au analia, hata mwenyewe hajui.

"Mzee!" Twaha akaita, aproni shingoni, mguu mmoja bado mezani. "Bloku A unaanzia chini au juu? Nna begi na ndoo na..."

"Twaha!" Valerian na Mama Demetria wakamfokea pamoja.

Mzee Godlisten akajifanya hakusikia. Akageuka, akatoka mlangoni, akaiacha njia ya mkato, akashika ile ndefu inayozunguka uwanja wa netiboli, mikono nyuma, mwendo wa mtu anayetazama maua, na chuo kile hakina ua hata moja.