Mkate wa Chini

Watu wa filamu walipokuja kambini mara ya kwanza, Mama Ghiyath aliwafagilia hema. Aliazima mito kwa jirani, akatandika, akatoa na vikombe vya kahawa vilivyovuka mlima naye kutoka kwao Kusair, alikokimbia vita, kila kimoja ndani ya soksi ya marehemu mumewe. Mkubwa wao, Joris, jitu refu lenye skafu shingoni katika joto la Julai, lilisimama mlangoni likaguna. Mkalimani, binti wa Beirut, akatafsiri huku akiangalia viatu vyake: bwana anaomba mito iondolewe. Na vikombe. Na kama kuna mahali turubai limechanika, angependa mama akae hapo.

"Mwambie palikuwepo," alisema Mama Ghiyath. "Nimepashona jana, kwa heshima yake."

Joris alikuwa mtu wa vita. Si kwamba alipata kupigana. Alivifuata tu, kama wengine wanavyofuata harusi zenye pilau. Alikuwa amewapiga picha wakimbizi wa nchi kadhaa, na kote huko, inaonekana, watu hawakuwa na kazi ila kutazama mbali. Hapa bondeni Bekaa nako akawapanga watu hivyo hivyo. Wazee wa kambi walitazama mbali mpaka shingo zikawauma, na huko mbali hakukuwa na kitu ila shamba la viazi la mwenye ardhi.

Siku moja wakampiga picha Mama Ghiyath akioka mikate juu ya bati. Mkate mmoja ukamponyoka ukaanguka vumbini. Alifanya anachofanya kila mtu wa kwao hata akiwa nusu usingizini: aliinama, akauokota, akaubusu, akaugusisha kwenye paji la uso, kisha akauweka juu ya tofali, ndege waukute na miguu ya watu isiukanyage. Hata hakukumbuka kwamba amefanya. Mumewe alikuwa mwokaji mikate. Katika nyumba yake mkate ulibusiwa kuliko watoto.

Majira ya baridi kipande cha filamu kikaanza kuzunguka kwenye simu. Mama Ghiyath akajiona anainama. Mkono ukaokota mkate vumbini, ukaupeleka mdomoni. Hapo wakakata. Picha iliyofuata ilikuwa ya mdomo wake, karibu kabisa, unatafuna. Alikuwa akitafuna tango, tena la siku nyingine, lakini nani angejua? Sauti nzito ikaeleza kwamba huyu alikuwa mke wa mwokaji, na leo anakula makombo ya chini.

Kambi nzima ilicheka. Naye angecheka, lau si Ghiyath. Mwanawe huyo alikuwa amemchumbia Rahaf, binti wa Baba Nawras, fundi cherehani, mtu wa Kusair vilevile, aliyekuwa bado anaipiga pasi suruali yake humo humo hemani. Siku ya ndoa ilikwisha wekwa. Baba Nawras alipokiona kile kipande akatuma pete irudi: hamtoi binti yake kwenye nyumba inayokula chini, tena mbele ya dunia nzima. Tangu hapo Ghiyath alikuwa analala ameipa dunia mgongo, na chakula kinapoa kando yake.

Mama Ghiyath akamwendea fundi mwenyewe. Akamweleza busu, tofali, tango. Baba Nawras hakuinua macho kutoka kwenye sindano.

"Dada, nimeona kwa macho yangu."

"Umeona alivyokata yule mrefu."

"Mimi nakata kila siku. Mkasi haugeuzi koti likawa kanzu."

"Wako haugeuzi," alisema Mama Ghiyath. "Wa yule unageuza."

Akampigia simu mkalimani: kile kipande cha busu walichokitupa kirudishwe kwenye filamu. Jibu la Joris likaja. Filamu imeshafungwa. Isitoshe, kipande hicho ndicho kinachowaliza watu, na lile busu linawachanganya. Ila mama anakaribishwa sana Beirut, filamu itaonyeshwa hotelini, gari litatumwa. Mama Ghiyath akafikiri kidogo, akasema atakuja, mradi Baba Nawras awemo garini na akae mstari wa mbele. Baba Nawras alikataa. Kisha akakumbuka ana suti.

Ukumbini kulikuwa na nyama za kila namna, na vikapu vya mikate ambayo hakuna aliyeigusa. Filamu ikachezwa. Mama Ghiyath alipotafuna tango lake, wanawake wenye vito walifuta macho na Baba Nawras akainamisha uso. Taa zilipowashwa, Joris alimpandisha jukwaani akamshika bega, kama mwindaji na mnyama wake, akauliza angependa kuiambia nini dunia.

Mama Ghiyath alitoa mkate mdogo kwenye mkono wa joho lake, akauachia. Ukaangukia kwenye zulia, mbele ya viti vya kwanza. Bwana mmoja akausogeza kwa ncha ya kiatu.

Kabla kiatu hakijarudi mahali pake, Baba Nawras alikuwa chini, na suti yake, na magoti yake mabovu. Aliuokota, akaupuliza, akaubusu, akaugusisha kwenye paji la uso. Simu zikainuliwa ukumbi mzima. Watu walidhani ni sehemu ya ratiba, wakapiga makofi. Fundi akabaki amesimama na mkate mkononi, anatafuta pa kuuweka.

"Kumbe na kwako mnakula chini, mkwe," alisema Mama Ghiyath kwa lugha yao, kipaza sauti kikiwa bado mbele ya mdomo wake.

Baba Nawras alizitazama zile simu.

"Wamenipiga?"

"Wote."

"Na busu limeonekana?"

"Hilo atajua mwenye kukata."

Joris akamuuliza mkalimani wanasema nini. Yule binti akamtazama, kisha akatazama skafu yake.

"Wanakushukuru," alisema.

Gari likamaliza kupanda mlima, taa za Bekaa zikaonekana chini. Mkate ulikuwa kwenye mfuko wa suti ya Baba Nawras, ukimchafulia bitana.

"Ndoa siku ileile tuliyoiweka," alisema. "Na yule mrefu asialikwe."